Mashine Iliyojikunyata

Mteja wa mwisho kabla ya Saa ya Jasho alikuwa mama mmoja wa Mpwapwa. Droni ya kampuni ilikuwa imemdondoshea mtungi wa gesi juu ya banda la kuku. Kuku walipona, banda halikupona, na mama yule alikuwa na pumzi ya kulisimulia banda hilo tangu siku miti yake ilipokatwa. Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho. Ndiyo iliyokuwa kazi yake pale Dodoma, kusikiliza malalamiko. Zamani kampuni iliwahi kuipa kompyuta kazi hiyo, wateja wakaisusa. Mtu mwenye hasira anataka kumkasirikia mtu.

Alipovua vipokea sauti, masikio yalikuwa yanawaka moto. Akapanda ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa, akabadilisha nguo, akafunga mkanda wake wa njano, akaingia ukumbini.

Saa ya Jasho ilikuwa sheria. Ilipitishwa wakati makarani wa mabenki na bima walipoanza kuanguka juu ya meza zao mchana kweupe, watu wazima wenye afya zao, moyo umegoma tu. Tangu hapo kila mwajiri mwenye watu wa kukaa kitini kutwa alilazimika kuwapa saa moja ya kutoka jasho, na saa hiyo ilihesabika kuwa kazi. Kampuni nyingine zilichimba mabwawa ya kuogelea. Nyingine zilileta wapiga ngoma. Hii ilichagua karate, na kwa kuwa hakuna aliyetaka makarani warudi mezani wameshika meno mkononi, ikanunua mashine ya kupigana nao.

Kwenye karatasi mashine ile ilikuwa na jina refu. Wafanyakazi waliiita Nyamaza, kwa sababu haikuwa na mdomo. Ilikuwa na kimo cha mtu, kichwa kisicho na uso, na ngozi ya mpira wa kijivu iliyohisi hata unyoya ukiigusa. Chini ya ngozi hiyo zilipita nyuzi nyembamba kama nywele, maelfu kwa maelfu, zikivutana na kulegea kama misuli. Ukiipiga, iliipokea ngumi. Ikikupiga yenyewe, ngumi yake ilisimama upana wa kidole kutoka shavuni mwako, ukabaki na upepo wake tu. Na haikuchoka, wala haikukuzidi sana, wala haikukuachia ushinde bure.

Siku hiyo Nyamizi aliipiga kwa ajili ya banda la kuku. Akaipiga kwa ajili ya bwana wa asubuhi aliyemtukania wazazi kisa kifurushi cha viatu. Akaipiga hata kwa mambo ambayo hayakuwa na jina, yale yanayomkaa mtu mabegani bila kujua yameingia lini. Mpaka Mwalimu Tausi wa karate alipopuliza filimbi ya mapumziko, alikuwa mwepesi kama aliyetua ndoo kichwani.

Jasho lilimwingia machoni. Akainua mkono wa kulia, kiganja wazi, ajifute paji la uso.

Nyamaza ikajikunyata.

Kidevu kilizama kifuani, bega la kushoto likapanda hadi sikioni, magoti yakalegea, na mkono mmoja ukafunika upande wa kichwa. Ikabaki hivyo, imetulia tuli. Nyamizi aliposhusha mkono wake, ikanyooka polepole, ikasimama kama kwamba hakuna lililotokea.

Alitazama huku na huku. Wenzake walikuwa kwenye mitungi ya maji. Akainua ngumi, na mashine ikakinga vizuri kabisa, kama ilivyofundishwa. Akainua kiganja cha kushoto, ikakinga. Akainua cha kulia, polepole, kutoka juu, kama mtu anayetaka kuzaba kofi. Ikajikunyata tena.

Nyamizi alikuwa mtu ambaye jambo likimshika halimwachi. Utotoni aliwahi kuifungua redio ya baba yake ili amwone mtangazaji, na alipomkosa, hakulia. Alitaka kujua sauti inatoka wapi basi. Siku hiyo alirudi mezani kwake akapokea simu za wateja hadi jioni, na kila mmoja alipokuwa akilalamika, yeye alikuwa anaona bega la kijivu likipanda kufunika sikio.

* * *

Fundi wa mashine alikuwa kijana wa Kinyakyusa aitwaye Gwamaka, aliyekuwa na chumba kidogo nyuma ya ukumbi, kimejaa nyaya na vikombe vya chai iliyopoa. Nyamizi alimsimulia alichokiona, akitegemea kuchekwa. Gwamaka hakucheka. Alisema naye amekiona, miezi kadhaa sasa.

Akamweleza. Nyamaza ilipoletwa ilikuwa tupu, inajua hatua na ngumi za kuanzia tu. Mengine yote ilijifunza hapo ukumbini. Ilikuwa inamtazama kila anayefanya nayo mazoezi: nikimjia hivi anafanyaje, nikimjia vile anajibu nini. Kila jioni iliyachanganya yote ikayafanya yake. Ndiyo maana makarani waliipenda, kwa sababu ilipigana kama wao.

"Ni kama uji wa shughuli, dada Nyamizi," alisema Gwamaka. "Kila mtu kaleta unga wake. Ukishapikwa huwezi kuonyesha kidole kwamba funda hili ni la fulani. Lakini huo mkunyato haukutoka kwangu, wala kwa Mwalimu. Kuna mtu humu ndani, kiganja kikimjia kutoka kulia, ndivyo anavyofanya."

Nyamizi aliuliza ni nani.

Gwamaka alijikuna shingo. Mlangoni mwa ukumbi palikuwa na maandishi makubwa ya kampuni: JASHO LAKO NI LAKO. Mashine haikutunza majina. Lakini mikeka ilitunza uzito na urefu wa hatua, kwa ajili ya matengenezo tu, na mtu hujulikana kwa mwendo wake. Akikaa jioni moja akalinganisha, jina lingetoka.

"Ukitaka nitakuambia," alisema. "Ila ujue na hili. Ofisi ya utumishi wameshanijia mara mbili. Wanataka kujua nani anatetemeka, nani moyo unamwenda mbio, kabla hawajampa mtu cheo. Niliwajibu kwamba haiwezekani kabisa. Nikikufanyia wewe, nitakuwa nimewadanganya wao, na siku watakapojua inawezekana sitakuwa na pa kujifichia."

Kisha akaongeza jambo jingine. Wakurugenzi wangekuja mwisho wa mwezi, naye alikuwa ameamriwa aisafishe mashine kabla hawajafika, kwa sababu wageni wachache walilalamika kwamba ina kifafa. Akiisafisha, ingerudi tupu kama ilivyoletwa.

Nyamizi alisimama pale akiutazama mgongo wa kijivu kupitia mlango ulio wazi. Hakuna kitu alichokitamani siku hiyo kama jina lile. Alijua pia kwamba hamu yake haikuwa huruma tupu. Sehemu yake ilikuwa ileile ya redio. Akamwomba Gwamaka asifanye chochote kwanza.

* * *

Alidhani angeweza kulipata kwa njia yake mwenyewe. Mezani mkabala naye aliketi Salha, msichana aliyeolewa mwaka uliopita, ambaye katika joto lote la Dodoma hakuwahi kuonekana bila mikono mirefu, na ambaye simu ikilia ghafla alishtuka mpaka kalamu ikamtoka. Nyamizi alijiona mjinga kwa kutomfikiria mapema.

Akamwalika chai kwenye mgahawa wa chini. Akaagiza sambusa. Akazunguka mbali kama paka anayeuzunguka mtego: habari za nyumbani, shemeji hajambo, ndoa changa zina mitihani yake, na kama mtu ana jambo ni vizuri kuwa na wa kumwambia. Salha alimsikiliza huku akikunja uso kidogo kidogo. Alipoelewa, aliweka kikombe chini, akapandisha mkono wa blauzi hadi kiwikoni. Ngozi yote ilikuwa na mabaka ya ukurutu, mekundu na meupe.

"Ninao tangu nina miaka sita," alisema. "Mume wangu ndiye anayenipaka dawa. Nimeuficha miaka yote ili watu wasiniangalie kama unavyoniangalia sasa."

Nyamizi alimwomba radhi, na maneno yalimtoka vibaya, mengi mno. Salha alishusha mkono wa blauzi akafunga kifungo.

"Ungeanza kwa kuniuliza kama nataka kuulizwa," alisema, akaondoka na chai yake nusu.

Kesho yake aliomba kuhamishwa meza. Mkuu wa idara, Mzee Madeje, alimwita Nyamizi ofisini kuhusu hilo. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika hadi kwenye lifti, na ndiye aliyeipigania mashine ya mazoezi hadi ikanunuliwa. Hakumgombeza. Alisema Salha amehama na hakutaja sababu, naye hakuitaka. "Ila mambo ya majumbani mwa watu, mwanangu, tuyaache majumbani," alisema kwa upole, akarudi kwenye kompyuta yake.

Nyamizi alitoka akiwa amenywea. Lakini maneno aliyotoka nayo hayakuwa ya Mzee Madeje. Yalikuwa ya Salha. Unamuulizaje mtu kama anataka kuulizwa, ikiwa humjui ni nani?

* * *

Mwalimu Tausi alimkuta amebaki ukumbini baada ya mazoezi, amesimama mbele ya Nyamaza, akiinua mkono na kuushusha.

"Unaifanyia nini mashine yangu?" aliuliza.

Tausi alikuwa askari magereza mstaafu, mama wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Nyamizi hakuwa na nguvu ya kutunga uongo. Akainua kiganja, mashine ikajikunyata. Tausi alimwambia arudie, na arudie tena. Akaizunguka, akachuchumaa akaitazama kwa chini, kisha akasimama akiwa hana tena ule uso wake wa kuamrisha.

"Huyu hajikingi," alisema. "Anayejikinga hamwachii adui macho. Huyu kichwa amekizamisha, haoni kitu. Anasubiri yaishe."

Alisema gerezani aliwaona wengi wa namna hiyo wakiletwa, na wengine walioachiwa wakarudi nyumbani, akaona mwisho wao. Mtu huwa hivyo akipigwa na mtu asiyeweza kumrudishia. Nyamizi akauliza kama ni kwa sababu mpigaji ana nguvu zaidi.

"Mara chache," alisema Tausi. "Mara nyingi ni kwa sababu anayepigwa hataki kumrudishia."

Nyamizi akamweleza yote, habari za Gwamaka na za Salha, na usafishaji wa mwisho wa mwezi. Alitegemea Mwalimu amsifu kwa kulikataa jina. Tausi alikasirika. Alisema jina litafutwe leo hii. Mtu akiuawa nyumbani kwake, siri yake itamfaa nini kaburini? Yeye alikwishawahi kuheshimu siri ya mtu, miaka mingi iliyopita, na mwenye siri hiyo hayupo tena.

Nyamizi alisema kwamba wakilitoa jina moja kwa wema, kesho ofisi ya utumishi italitoa jingine kwa mambo yake, na hakuna atakayekanyaga tena mkeka ule akiwa huru; kila mtu atapigana akijua anatazamwa, na huyo wanayetaka kumsaidia atakuwa wa kwanza kukimbia. Wakabishana hadi taa za ukumbi zikajizima zenyewe, wakawa wanabishana gizani.

Ndipo Nyamizi akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa amekumbuka uji wa Gwamaka.

Mashine ile ilijifunza mtu anafanyaje akijiwa hivi au vile. Basi na yeye, Nyamizi, alikuwa mtu. Je, ikijikunyata mbele yake, yeye anafanyaje? Mpaka siku hiyo alikuwa akikodoa macho tu. Angefanya jambo jingine, akalirudia, lingeingia kwenye chungu. Na siku yule mtu asiyejulikana atakapojikunyata mbele ya Nyamaza, Nyamaza ingemfanyia jambo hilohilo.

Wakamgongea Gwamaka, aliyekuwa anajiandaa kuondoka. Aliwaza huku ameshika begi, kisha akaanza kutabasamu. Kwa kawaida, alisema, la mtu mmoja humezwa na ya wengi. Lakini mle ndani hapakuwa na mwingine aliyewahi kuijibu mashine ikijikunyata. Chungu hicho kilikuwa kitupu. Chochote atakachotia Nyamizi ndicho kitakachopakuliwa.

Tausi alikubali kwa shingo upande. Alimpa muda hadi siku ya kusafisha. Ikifika siku hiyo hakuna kitu, jina lingetoka, na angelitoa yeye mwenyewe.

* * *

Sasa ilibidi kuchagua la kumwambia mtu usiyemjua, kupitia kitu kisicho na mdomo. Nyamizi aliliwaza kuliko alivyowahi kuwaza jambo lolote la kazini. Kumkumbatia? Aliyezoea kupigwa angehisi anakamatwa. Kusogea karibu? Hata hilo ni tisho. Mwishowe alichagua dogo kuliko yote. Aliinua kiganja, mashine ikajikunyata, naye akaushusha mkono taratibu, akarudi nyuma hatua moja, akaketi mkekani, viganja juu ya magoti, wazi, vimeelekea juu. Akasubiri. Mashine iliponyooka, akainuka akaanza tena.

Alifanya hivyo kila siku, saa yake yote ya jasho, bila kutoa jasho. Wenzake waliona. Mmoja aliuliza kama dada Nyamizi siku hizi anaabudu masanamu. Mwingine alisema wamegombana na Nyamaza na sasa wanasuluhishwa. Simu za wateja zilirundikana mabegani mwake bila pa kuzitua, akaanza kukosa usingizi, kwa kuwa ile ngumi ya kila siku ndiyo iliyokuwa ikimlaza. Hilo lilimshangaza pia: kwamba kukaa kimya mbele ya woga wa mtu mwingine ni kazi nzito kuliko kupiga.

Wiki ilipokaribia kwisha alimwomba Mwalimu Tausi amjaribie. Tausi alisimama mbele ya Nyamaza akaigiza, akazamisha kidevu, akapandisha bega, akafunika sikio. Mashine ilikuwa imeinua mkono wake kumpiga. Ukasita hewani. Ukashuka. Ikarudi nyuma hatua moja, ikakunja magoti yake ya kijivu, ikaketi chini, viganja wazi.

Tausi alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko igizo lilivyohitaji. Aliponyooka, alisema ana vumbi machoni.

* * *

Haikupita muda. Siku moja kundi la Nyamizi lilipofika ukumbini, lilimkuta Mwalimu Tausi amesimama mlangoni. Aliwaambia wote wapande juu ya paa, leo mazoezi ni ya kuruka kamba. Nyamizi alipopita akamshika mkono, akamsukuma ndani taratibu, akafunga mlango.

Kundi la wakuu wa idara, lenye zamu ya kabla yao, lilikuwa limekwisha kuondoka, isipokuwa mtu mmoja. Mzee Madeje alikuwa ameketi mkekani katika sare yake nyeupe, miguu ameikunja kwa shida chini ya tumbo lake kubwa. Mbele yake, mwendo wa hatua moja, Nyamaza nayo ilikuwa imeketi. Walikuwa wakitazamana, yule mwenye uso na yule asiye nao.

Nyamizi alisimama pale akijaribu kulikubali. Kicheko kile cha kwenye lifti. Mabega yale. Alikuwa amewapitia wasichana wote wa ofisini kichwani mwake, na wavulana wanyonge wawili watatu, na hakuwahi kumfikiria yeye hata mara moja. Akaenda akaketi mkekani, mbali kidogo na wote wawili.

"Nani kaifundisha hivi?" aliuliza Mzee Madeje, bila kugeuka.

"Mimi, Mzee."

"Unajua kwa nini inakaa?"

"Najua kwa nini. Sikujua ni kwa ajili ya nani."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Nyamizi, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza, alimngoja. Mwisho Mzee akaanza kusema.

Alikuwa na mwana mmoja, Nyemo. Nyemo alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, kijana wa kujitegemea, mwenye sifa njiani kote hadi mpakani. Kisha zikaja droni, na malori yaliyobaki yakaanza kujiendesha yenyewe. Mama yake akafariki mwaka huohuo. Nyemo akarudi nyumbani, akakaa, na kila asubuhi alimwona baba yake akivaa tai kwenda kuifanyia kazi kampuni iliyomnyang'anya usukani. Siku Mzee Madeje alipomwambia aje aombe nafasi hapohapo kampunini, ndiyo siku mkono wa Nyemo ulipoinuka mara ya kwanza. Baadaye alilia. Baadaye tena uliinuka.

"Hii mashine niliipigania mimi," alisema. "Nilisema ni kwa ajili yenu, mpumue. Ilikuwa kwa ajili yangu. Nilidhani nikijua kukinga, nitakinga. Na ninajua. Ukinijia wewe kwa ngumi sasa hivi hunipati. Lakini kiganja cha kulia kikishuka kutoka juu, hata kiwe cha mashine, mimi nauona mkono wa Nyemo, na mkono ule niliushika nikimfundisha kutembea. Ukiinuka, mimi wangu hauinuki."

Akamwomba asimpeleke mtoto polisi. Nyamizi aliona kwamba jibu jepesi lilikuwa kuahidi, na kwamba angejuta. Akasema hawezi kumwahidi hilo kwa sababu hajui litakalotokea kesho, ila hatafanya jambo lolote nyuma ya mgongo wake. Kisha akamuuliza lile alilotakiwa kumuuliza mtu yule tangu mwanzo: kama anataka kuulizwa, na kama anataka, anataka nini.

Mzee Madeje alifikiri. Ilionekana hakuwahi kuulizwa hivyo.

"Kwangu hajaingia mgeni tangu arobaini ya marehemu," alisema hatimaye. "Nilikuwa naogopa waone. Njoo Jumamosi, wewe na Mwalimu. Mle chakula cha mchana. Na nikisema jambo, msiondoke."

Siku iliyofuata Gwamaka aliisafisha mashine. Wakurugenzi walikuja, wakaitazama ikikinga na kupiga bila kasoro, wakaridhika. Ofisi ya utumishi ilimuuliza fundi mara ya tatu kama majina yanaweza kupatikana, naye akajibu kama alivyojibu mwanzo.

* * *

Nyumba ilikuwa Ipagala, yenye mzabibu uliopandishwa juu ya uzio na ua uliofagiliwa vizuri. Mwalimu Tausi alibisha hodi. Aliyefungua ni Nyemo.

Nyamizi alikuwa amejiandaa kuona jitu. Aliona kijana mrefu, mwembamba, mwenye aproni. Alimwamkia Mwalimu shikamoo kwa kuinama, akawapokea mikoba, akawakaribisha ndani, akaomba radhi kwamba mlenda umechelewa kidogo. Nyumba nzima ilinukia kuku wa kuchemsha. Ukutani palikuwa na picha ya mama mnene aliyecheka kama Mzee Madeje. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa shati la kwenda ibadani, na hakuwa akicheka.

Walizungumza habari za mvua. Walizungumza habari za zabibu. Nyemo aliweka chakula mezani, ugali wa uwele, mlenda, kuku, kisha akaleta beseni na jagi la maji ya uvuguvugu, akawanawisha wageni mmoja mmoja, taratibu, kama mtu aliyelelewa. Akafika kwa baba yake. Mzee Madeje akanyoosha mikono yake minene juu ya beseni.

"Kabla hatujala," alisema, na maji yakaanza kumiminika. "Huyu ni mwanangu Nyemo. Chakula hiki kapika yeye, na anapika vizuri kuliko marehemu mama yake. Nimewaita mmwone. Na nimewaita mjue kwamba ananipiga."

Maji yaliendelea kumwagika juu ya mikono ile mpaka jagi likaisha. Nyamizi aligundua kwamba amehamishia uzito wake kwenye vidole vya miguu, tayari kuinuka, na kwamba Mwalimu Tausi, upande wa pili wa meza, amekwisha kuiondoa sahani mbele yake. Alingoja kijana akane. Alingoja jagi lirushwe. Kijana alikuwa anaitazama mikono ya baba yake ndani ya beseni.

"Ni kweli," alisema Nyemo.

Sauti yake ilitoka ndogo, kama ya mtu aliyekaa kimya siku nyingi.

Mwalimu Tausi akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli, "Ilianzaje?"

Nyemo aliweka beseni chini. Alitazama mlango, akamtazama baba yake, akavuta kigoda akaketi. Akaanza kusimulia. Chakula kilipoa mezani, na hakuna aliyekigusa mpaka alipomaliza.